Kabla ya Kwenda Uwandani, Pita Maktaba

Huu ni wakati ambao vijana wetu wa vyuo vikuu, hasa wale wa sosholojia, anthropolojia, historia na lugha, wanahangaika na mada za utafiti. Mmoja anataka kuandika juu ya mahari ya kwao, mwingine juu ya unyago, mwingine juu ya matambiko ya kuomba mvua. Na wengi wao, mada ikishapatikana tu, mawazo yote huhamia kijijini. Wanatafuta nauli, wanaandaa dodoso, wanafuta picha kwenye simu ili wapate nafasi ya kurekodi sauti, tayari kwenda kumhoji babu. Leo nataka nizungumze na vijana hawa, na walimu wanaowasimamia, na wazazi wanaowalipia ada, juu ya hatua moja ambayo inarukwa mno. Hatua hiyo ni maktaba ya chuo kikuu.

Neno langu ni moja. Anayetafiti mila na maisha ya watu anaanza kazi ya uwandani siku anapoingia maktaba. Mle ndani wamo wazee waliohojiwa miaka themanini au mia moja iliyopita. Walijibu, na majibu yao yakaandikwa na watu wengine, kwa sababu za watu hao wengine. Kwa hiyo kitabu kinachoeleza kabila lako kichukulie kama shahidi. Shahidi haitikiwi tu kwa heshima. Anaulizwa alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, aliambiwa nini na nani, na nani aliyemlipia safari. Kijana akijifunza kuuliza hivyo akiwa mbele ya rafu, atajua kuuliza vizuri zaidi akiwa mbele ya babu yake.

Kwanza tuone hasara ya kuiruka hatua hii. Chukua mfano wa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela. Katika miaka ya 1930, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia wawili vijana, waliishi kule kusini-magharibi mwa Tanganyika wakifanya utafiti. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, aliyezaliwa Afrika Kusini, ndiye aliyeendelea kuandika, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kiitwacho Good Company, kinachoeleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa.

Msikilizaji, jambo lililoelezwa humo linastaajabisha. Kwa mujibu wa kitabu hicho, wavulana wakifikia umri wa miaka kumi au kumi na moja hivi, walitoka nyumbani kwa baba zao wakaenda kujenga vibanda vyao pembeni, rika moja mahali pamoja. Huko ndiko walikolala. Lakini chakula walikula kwa mama zao, tena kwa zamu: leo kundi zima la marafiki linakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua wakaoa, wake waliletwa palepale, na vile vibanda vya watoto vikawa kijiji cha watu wazima. Wilson aliuhusisha utaratibu huo na heshima baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe, ambao hawakutakiwa hata kuonana, na pia na thamani kubwa ambayo Wanyakyusa waliipa raha ya kukaa, kula na kuzungumza na watu wa rika lako.

Sasa mwazie kijana wa leo anayekwenda Tukuyu kutafiti malezi ya wavulana bila kukisoma kitabu hicho. Atakuta watoto wanaishi na wazazi wao kama kwingineko nchini. Ataandika kwamba familia ya Kinyakyusa ni baba, mama na watoto chini ya paa moja, na ataona kazi imekwisha. Hatajua kwamba mbele ya macho yake pana badiliko kubwa sana. Bibi mmoja akimtajia kwamba kaka zake walikuwa wakija kula na kundi zima la wavulana, atalipita neno hilo kama porojo za kizee, kumbe hapo ndipo penye utafiti wenyewe.

Na maktaba haikuishia mwaka 1951. Monica Wilson alirudi Unyakyusa mwaka 1955, na mwaka 1977 akatoa kitabu kingine, For Men and Elders, kinachofuata mabadiliko ya mahusiano ya vizazi, na ya wanaume na wanawake, kuanzia mwaka 1875 hadi 1971. Ukiviweka vitabu hivyo viwili mezani, kimoja kulia na kingine kushoto, unaona vijiji vya rika vikififia. Ardhi inapungua, mazao ya biashara yanaingia, vijana wanakwenda kutafuta kazi za mshahara, na mwana anaanza kukaa karibu na shamba la baba yake analolitarajia. Mwandishi mmoja, watu walewale, nyakati mbili. Kazi kama hii huwezi kuifanya kwa wiki tatu za kukaa kijijini. Maktaba inakupa miaka ambayo hukuwepo duniani.

Haya, tuingie ndani. Tuchukue Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ambayo mwaka 2018 ilipata jengo jipya kubwa lililojengwa kwa msaada wa China. Mwanafunzi mgeni akifika katika jengo la ukubwa ule anaweza kuishia kwenye kiti chenye soketi ya umeme, akafungua kompyuta yake na kusoma kilichomo kwenye intaneti, kitu ambacho angeweza kukifanya akiwa bwenini. Ushauri wangu kwake ni kwamba aanzie kwa mkutubi. Kuuliza si ujinga. Mkutubi wa sehemu ya marejeo anaijua mikusanyiko yake kama mwenye duka anavyoijua bidhaa yake, na swali kama “nataka vitabu vya Wasukuma” litamfanya akuulize maswali mengine matatu ambayo hukuwa umeyafikiria: Wasukuma wa enzi gani? Katika jambo gani? Vitabu tu, au na nyaraka?

Ukishafika kwenye katalogi, usitafute kwa jina moja tu. Waandishi wa zamani waliandika majina ya makabila kila mmoja kwa sikio lake. Wanyakyusa wa Wilson waliitwa Konde katika maandishi ya Wajerumani na wamisionari. Wachaga utawakuta kwa Kiingereza wakiwa na g moja au mbili, na mchungaji Bruno Gutmann, aliyeandika kitabu kikubwa cha Kijerumani juu ya sheria zao mwaka 1926, amewaandika Dschagga. Wamasai wana s moja hapa na mbili kule. Mtu akitafuta kwa tahajia moja akakosa, husema hakuna kilichoandikwa. Kimeandikwa, ila hajakiita kwa jina ambalo kimelala nalo.

Tena usikae kwenye rafu moja. Vyuo vikuu vingi vya kwetu hupanga vitabu kwa mfumo wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo anthropolojia imepewa herufi GN. Mwanafunzi husimama GN, akaona vitabu kadhaa vya nadharia, akaondoka. Kumbe habari za jamii yake zimetawanyika jengo zima. Historia ya Afrika iko DT. Ngano na simulizi ziko GR, desturi ziko GT. Ndoa na familia ziko HQ, dini BL, sheria ziko chini ya K, uganga na tiba chini ya R, na lugha za Kiafrika ziko PL. Anayetafiti mganga wa kienyeji ana rafu nne au tano za kupitia kabla hajasema amemaliza. Na kila kitabu kinachokufaa, kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza, fungua nyuma. Pitia fahirisi uone kama jambo lako limo, kisha orodha ya vitabu ambavyo mwandishi alivitumia. Orodha hiyo ni kazi ya miaka ya mtu mwingine, na amekuachia bure.

Baada ya vitabu, njoo kwenye majarida. Mwaka 1936 lilianzishwa jarida liitwalo Tanganyika Notes and Records, ambalo baada ya Muungano lilibadili jina likawa la Tanzania. Humo waliandika maofisa wa wilaya, wamisionari, madaktari, wanajiolojia, na baadaye wasomi wetu wenyewe. Utakuta makala juu ya utengenezaji wa chumvi, ufuaji wa chuma, michoro ya mapangoni, mizimu na koo za watawala. Nyingine ni kurasa chache tu, lakini zimeandikwa na mtu aliyesimama mbele ya tanuri la mfua chuma wakati bado linawaka. Liko pia jarida la Africa la taasisi ya kimataifa ya Afrika kule London, linalotoka tangu mwaka 1928. Majarida ya namna hii siku hizi mengi yamo kwenye hifadhi za mtandaoni ambazo chuo hujiunga nazo, na mwanafunzi huyasoma kwa nywila ya chuo bila kulipa senti. Ni wengi wanaomaliza miaka mitatu bila kuiomba nywila hiyo.

Na kisha, msikilizaji, kuna hazina yenyewe, ule mkusanyiko wa Mlimani wa maandishi ya Afrika Mashariki unaoitwa East Africana. Katika sehemu kama hiyo hujichukulii kitabu rafuni. Kwa kawaida unaacha begi nje, unajaza fomu, unaletewa unachokiomba mezani, unasoma palepale na kunakili kwa penseli ili wino usije ukaharibu karatasi ya zamani. Kuna vijana wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu. Nawaomba wauone kuwa ni heshima, kwa sababu karatasi nyingine pale hazina pacha duniani.

Mojawapo ya hazina za pale ni makaratasi ya Hans Cory. Huyu alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888, akaja Tanganyika, na baadaye Serikali ya Waingereza ikamfanya mwanasosholojia wake. Alizunguka nchi kwa miaka mingi akikusanya sheria za kimila, nyimbo, habari za jando na unyago, tiba, na vinyago vya udongo vilivyotumika kufundishia wari. Aliandika juu ya sheria na mila za Wasukuma, kitabu kilichotoka mwaka 1953, na kabla ya hapo, mwaka 1945, yeye na mwenzake Hartnoll walichapisha kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Nyuma ya vitabu hivyo kuna mafaili ya kurasa zilizopigwa taipu, ambazo nyingi hazikuchapishwa kamwe.

Hapa nataka tutue kidogo, maana hapa ndipo unapoona kwamba karatasi ya maktaba ina nguvu hata nje ya maktaba. Cory alikuwa mtumishi wa serikali. Alipokaa na wazee kuwauliza nani anarithi shamba, hakuuliza kwa kutaka kujua tu. Aliuliza kwa niaba ya watawala waliotaka mahakama za wenyeji ziwe na kanuni zilizoandikwa. Na wazee waliojibu walikuwa hasa wanaume wenye vyeo na wenye ardhi. Nchi ilipopata uhuru, Serikali ilitaka kuziunganisha sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe moja, na Cory akahusika sana na kazi hiyo katika siku zake za mwisho. Alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata, 1963, kanuni hizo zilitangazwa rasmi kuwa sheria. Moja ya kanuni za urithi ilisema kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hana ruhusa ya kuiuza.

Baadaye, kule Kagera, mwanamke mmoja aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake aliiuza. Ndugu wa kiume katika ukoo akaenda mahakamani kupinga. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inambagua mwanamke, na kwamba haipatani na haki za binadamu zilizokuwa zimeingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Wanasheria wanaifahamu sana hukumu hiyo. Mimi namtaka mwanafunzi wa anthropolojia aisome pamoja na yale makaratasi ya zamani. Ajiulize: wakati maneno ya wazee yanapigwa taipu, akina mama walikuwa wapi? Je, mila ilikuwa ngumu namna ile, au ilikuwa na milango ambayo iliishia kufungwa ilipoandikwa? Maswali hayo majibu yake mengine yamo katika mafaili, na mengine yako kwa mabibi walio hai leo. Asiyefungua mafaili hatajua hata kwamba kuna swali.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Ni majina.

Mwaka 1903 kulichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu kwa Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Kinaeleza uzazi na malezi, jando, ndoa, maradhi, utumwa, safari za misafara kwenda bara, na mambo ya sheria. Kwenye jalada lilisimama jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya na kukihariri. Lakini aliyeandika sehemu kubwa ya maneno yale ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa upande wa Bagamoyo, msomi wa dini, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Aliieleza jamii yake kwa lugha yake, akijua anachokisema, na sifa ya kitabu ikabaki na mhariri. Mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka Marekani ikiwa na jina la Mtoro mahali linapostahili. Huyu Allen ndiye pia aliyeorodhesha miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam, orodha iliyochapishwa mwaka 1970, na inayomsaidia mtafiti wa pwani hadi leo.

Basi fikiria mwanafunzi anayetafuta waandishi Waswahili wa zamani. Akitafuta kwa jina la Mtoro katika katalogi inayofuata jalada la mwaka 1903, anaweza kumkosa. Akitafuta kwa Velten, atampata Mtoro amekaa ndani, mzima, anazungumza Kiswahili chenye nguvu.

Na turudi Rungwe. Akina Wilson hawakuingia Unyakyusa peke yao. Walikuwa na karani na mkalimani, Leonard Mwaisumo, aliyewafungulia milango, akatafsiri, akaandika. Walikuwa na watu kama Kasitile, mwenye dhamana ya mvua, ambaye maelezo yake juu ya matambiko yanajaza kurasa. Mwaka 2013 kilitoka kitabu kiitwacho Inside African Anthropology, kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank, ambacho kazi yake ni kumweleza Monica Wilson pamoja na wakalimani na wasaidizi wake. Watafiti waliokiandika walizipata habari za watu hao kwa kuzisoma barua na madaftari ya uwandani yaliyohifadhiwa. Watu wale walikuwemo siku zote. Hapakuwa na aliyewaulizia.

Kwa hiyo, kijana, unapokisoma kitabu cha namna hii, usiuruke utangulizi na shukrani. Humo ndimo mwandishi anapotaja kwa mstari mmoja mtu aliyemfanyia nusu ya kazi. Soma na tanbihi. Andika majina yote ya watoa habari kwenye daftari lako, na ufikapo kijijini uyataje mbele ya wazee. Mjukuu wa mmoja wao anaweza kuwa ameketi hapo, na atakuwa na mengi ya kukueleza ambayo mtafiti wa kwanza hakuyaandika.

Kumuuliza shahidi hakuishii kwa wageni. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya, kitabu juu ya Wakikuyu kilichoandikwa na Mkikuyu. Ni kazi kubwa na ya kujivunia. Lakini Kenyatta alikwenda Uingereza akiwa amebeba madai ya watu wake ya ardhi waliyonyang'anywa, na kitabu chake kimeandikwa na mtu mwenye kesi. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini sura ya ardhi imesukwa kwa uangalifu ule. Mwenyeji naye ana nia zake, na msomaji mwaminifu humpima kwa mizani ileile.

Kisha tazama vitabu vinavyojibizana. Baada ya Wilson kueleza vijiji vya rika, Simon Charsley alitoa kitabu mwaka 1969 kuhusu watawala wa Wanyakyusa, na mwaka 1973 jarida la Africa likachapisha makala ya McKenny iliyoupima upya muundo wa jamii ile kama Wilson alivyouchora. Mwanafunzi akiikuta hoja ya namna hiyo asiogope akadhani mmoja lazima awe mwongo. Afurahi. Mahali wasomi wanapotofautiana ndipo penye nafasi yake ya kuchangia.

Na yupo mmoja ambaye kila anayesoma mambo haya Dar es Salaam ingefaa amfahamu. Archie Mafeje, mwana wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1936, alikuwa mwanafunzi wa Monica Wilson. Utafiti wa mtaa wa Langa, Cape Town, uliochapishwa mwaka 1963 kwa majina yao wote wawili, uwandani ulifanywa kwa sehemu kubwa na Mafeje. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi ya kufundisha, kisha kikaiondoa kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi, na wanafunzi wakalikalia jengo la utawala kupinga. Mwaka 1969 Mafeje akaja Dar es Salaam kuongoza idara ya sosholojia. Akiwa kwetu, mwaka 1971, ilichapishwa makala yake juu ya itikadi ya ukabila, akihoji desturi ya wasomi na wakoloni ya kuieleza Afrika yote kwa kipimo cha kabila. Hoja hiyo bado inanguruma katika vyuo vya bara hili. Mkalimani wa Rungwe na mwanafunzi wa Langa aliyekuja kuongoza idara Mlimani wote wamo katika ukoo mmoja wa vitabu, na mtu anaufuata ukoo huo kwa kutoka tanbihi moja kwenda nyingine.

Msikilizaji, nisingekuwa mkweli kama nisingesema kwamba mengi yanayotuhusu hayako kwetu. Makaratasi ya akina Wilson yako katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Madaftari na miswada mingine iko London, Berlin na kwingineko. Na tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliifikia maktaba hiyohiyo ya Cape Town, ukateketeza jumba la kusomea la Jagger pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa vitabu na filamu za Afrika. Nyaraka nyingi za chumba cha chini zilinusurika kwa sababu ya milango ya kuzuia moto, ingawa maji ya kuzimia moto yaliingia. Tukio lile linatufundisha kwamba kitu kisicho na nakala kinaweza kuondoka alasiri moja.

Kutokana na hayo nina maombi. Kwa vyuo vyetu: mafaili ya kina Cory na miswada ya pwani yapigwe picha za kidijitali, nakala zikae zaidi ya mahali pamoja, na vyuo vya nje vyenye nyaraka zetu viombwe nakala bila kuona haya. Kwa wakutubi: katika kumbukumbu ya kila kitabu ongezeni majina ya wakalimani na watoa habari wanaojulikana, ili mtu akitafuta Mwaisumo ampate, na akitafuta Mtoro ampate. Kazi hiyo ni ya kompyuta na uvumilivu, haihitaji jengo jipya. Kwa walimu: mwanafunzi asipewe barua ya kwenda uwandani kabla hajawaonyesha alichosoma, na siyo orodha ya vichwa vya vitabu, bali maelezo ya nani alisema nini kabla yake na wapi walitofautiana.

Na kwako kijana mtafiti: jipe muda wa kutosha maktabani kabla ya kukata tiketi. Toka na maswali matano mazuri, yale ambayo vitabu vimeshindwa kuyajibu. Ukifika kijijini waamkie wazee, waeleze kwamba umesoma yale yaliyoandikwa juu ya kwao, na uwasomee kipande kwa Kiswahili au kwa kilugha chao. Waache wasahihishe. Mzee anayeelezwa kwamba kitabu kilisema hivi kuhusu babu zake hatajibu kwa mkato. Atakaa sawa, atawaita wenzake, na utapata siku nzima ya maneno. Ukimaliza tasnifu, waandike wote waliokusaidia kwa majina yao kamili, wale walioridhia kutajwa, mkalimani na mwenyeji wako wakiwemo. Nakala moja iende maktabani, na nyingine, hata kama ni muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili, irudi shuleni au ofisi ya kijiji ulikoyapata maneno hayo. Ukifanya hivyo, mwanafunzi wa mwaka 2080 atakayefungua kazi yako hatapata taabu ya kujua nani alisema, nani aliandika, na kwa ajili ya nani.